Vyombo vya Kuokoa Mama na Mtoto Wakati wa Kuzaa

Jamaa wasikilizaji, nanyi wanafunzi mnaoyasoma maneno haya katika kitabu, mazungumzo yetu ya leo ni juu ya vyombo wanavyotumia madaktari na wakunga mwanamke anapojifungua, na vile vinavyotumika kumtibu yule aliyeumia katika kuzaa. Tumeichagua habari hii kwa kuwa sisi tukaao Shinyanga na Geita tumo ndani yake zaidi ya wengi wetu tujuavyo. Baadhi ya vyombo vipya vya kazi hii vimepimwa katika hospitali za mikoa yetu, kwa mama zetu na dada zetu, na mwaka 2025 habari zake zilichapishwa zikasomwa na madaktari wa dunia nzima. Yatupasa kujua ni nini kilichofanyika.

Huenda mzee mmoja akasema kwamba mambo ya uzazi ni ya wanawake, wala hayafai kutangazwa mbele ya vijana. Twaiheshimu desturi hiyo. Walakini mwanamume ndiye mara nyingi mwenye fedha ya nauli, naye ndiye aulizwaye kama mgonjwa apelekwe usiku huu au angojee mpaka kupambazuke. Si vema mtu apewe kauli ya mwisho katika jambo asilolijua hata kidogo.

Tuanze na habari ya zamani. Mwaka 1569 tabibu mmoja Mfaransa jina lake William Chamberlen alikimbilia Uingereza kwa ajili ya mateso ya dini. Wanawe wakawa wazalishaji mashuhuri mno, hata wakaitwa kuwahudumia wake za wafalme. Sifa yao ilitokana na chombo kimoja cha siri, nacho ni koleo la chuma lenye vijiko viwili vilivyopinda, ambalo laweza kukishika kichwa cha mtoto aliyekwama na kumvuta nje akiwa hai. Wakati ule mtoto akikwama, mara nyingi hapakuwa na njia ila kumtoa vipande vipande ili mama apone, au kuwapoteza wote wawili. Basi watu hawa walikuwa na chombo cha kuokoa roho mbili, nao walikificha. Husimuliwa kwamba walikichukua ndani ya sanduku kubwa lililonakshiwa, wakawafukuza jamaa chumbani, na mzazi mwenyewe wakamfunga kitambaa machoni asione. Wakaitunza siri ile kizazi baada ya kizazi, zaidi ya miaka 100. Mwaka 1813 makoleo yao yalionekana chini ya sakafu ya dari katika nyumba moja ya Woodham Mortimer, huko Essex, yamefichwa hapo tangu zamani.

Hebu fikirini ni wanawake wangapi waliokufa katika miaka hiyo, na dawa ya shida yao imelala sandukuni. Sisi twalihesabu jambo hili kuwa baya kuliko ujinga, maana mjinga hajui, na hawa walijua.

Baada ya koleo kikaja kikombe cha kuvutia, kilichotengenezwa vizuri na Malmström wa Uswidi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kikombe hicho hubandikwa juu ya kichwa cha mtoto, hewa hunyonywa, nacho hushika kama midomo ya mtu anyonyaye. Hata leo hutumika. Tena mwaka 2006 fundi wa motokaa huko Argentina, Jorge Odón, aliona mchezo wa kutoa kizibo kilichozama ndani ya chupa kwa kutumia mfuko uliojazwa hewa. Usiku akamwamsha mkewe akamwambia kwamba mtoto naye aweza kutolewa vivyo hivyo. Akaanza majaribio yake kwa chupa ya kioo na mwanasesere wa binti yake. Chombo chake kikachukuliwa na waganga wakubwa, kikajaribiwa Argentina na Uingereza. Twawatajia habari hii ninyi mafundi wa gereji za Kahama na Geita, mkumbuke kwamba mtu yule hakusoma udaktari.

Sasa tuje kwenye jambo la huzuni zaidi. Mtoto akikwama siku mbili au tatu bila msaada, kichwa chake hukandamiza nyama iliyo kati ya njia ya uzazi na kibofu cha mkojo, hata damu isipite. Nyama ile hufa, halafu hutoboka. Mtoto mara nyingi huzaliwa mfu, na mama hubaki akitokwa na mkojo mchana na usiku bila kuweza kuuzuia. Ugonjwa huu huitwa fistula. Wako waliodhani kwamba ni laana au uchawi, na wako waume waliowarudisha wake zao kwa wazazi wao kwa ajili ya harufu. Si laana. Ni kidonda kilichotokana na kukawia.

Mtu aliyesifiwa sana kwa kutibu kidonda hiki alikuwa Mmarekani, J. Marion Sims, wa mji wa Montgomery katika Alabama. Kati ya mwaka 1845 na 1849 alijaribu njia zake za kushona kwa wanawake watumwa. Majina ya watatu katika hao yajulikana, nao ni Anarcha, Betsey na Lucy. Alikunja kijiko ili aweze kufungua njia na kuona kidonda, na kutokana na kijiko kile akafanyiza chombo ambacho hata leo chaitwa kwa jina lake. Anarcha alipasuliwa mara 30, bila dawa ya usingizi, hata mwaka 1849 ile tundu ikafungika kwa uzi wa fedha. Hakuwa na ruhusa ya kukataa, kwa kuwa mwili wake ulikuwa mali ya mtu mwingine. Mwaka 2018 sanamu ya Sims iliondolewa mahali pake katika bustani kubwa ya New York. Wengine walisikitika, wakasema kazi yake imeponya maelfu. Ni kweli imeponya. Lakini nasi twaona kwamba majina yale matatu yastahili kufundishwa pamoja na lake, au kabla ya lake.

Mwenye ugonjwa huo katika nchi yetu asikae ndani akajificha. Upasuaji wa fistula hufanyika Bugando, Mwanza, na katika hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, na wengi wamerudi kwao wakavu na wenye furaha.

Tuyaache makoleo na visu, tuingie katika vyombo vidogo, ambavyo kwa maoni yetu vina maana zaidi kwa mikoa hii. Kwanza ni kusikiliza. Mwaka 1816 Laennec wa Ufaransa alikunja karatasi akaweka sikio lake kusikiliza kifua cha mgonjwa. Mwaka 1818 Mayor wa Geneva akatoa habari kwamba moyo wa mtoto ungali tumboni waweza kusikika. Mwishoni mwa karne ile Adolphe Pinard akatengeneza pembe fupi ya kuwekwa juu ya tumbo. Akina mama wengi wanaonisikia wamewekewa pembe hiyo. Ni chombo chema, hakina betri, wala hakiharibiki. Kasoro yake ni kwamba chataka utulivu na sikio lililozoea, na chumba cha wazazi hakina utulivu. Mkunga mmoja akiwa na wazazi watano wanaougua kwa pamoja, atapata wapi nafasi ya kuinama juu ya kila mmoja kila nusu saa, ahesabu mapigo kwa dakika nzima? Moyo wa mtoto hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Ukipungua ukadumu hivyo, mtoto anakosa hewa, naye hawezi kupiga kelele.

Kwa hiyo watu wakatafuta njia. Kulikuwa na chombo kilichozungushwa kwa mkono kama cherehani, kisichohitaji umeme, nacho kilijaribiwa Kampala. Kisha kampuni moja ya mji wa Stavanger, Norwei, ikafanya kazi pamoja na hospitali ya Haydom, iliyo mkoani Manyara, wakatoa chombo walichokiita kwa neno letu wenyewe, Moyo. Kina fuwele tisa za kusikilizia, hivyo hupata mlio upesi hata kama mkono wa mkunga haukuwekwa mahali penyewe hasa. Hufungwa kwa mkanda juu ya tumbo, na mapigo yakienda vibaya hulia. Mama mwenyewe hushika kwa vidole ili mapigo yake na ya mtoto yasichanganywe. Chombo hicho hakimtibu mtu yeyote. Kazi yake ni kumwita mkunga.

Kampuni ile ina historia ya ajabu kidogo. Mwanzilishi wake, Asmund Laerdal, alikuwa mtengenezaji wa vitu vya watoto vya kuchezea. Mwaka 1960 alitoa mwanasesere mkubwa wa kufundishia watu kumpulizia hewa mtu aliyezama au kuzimia. Ufundi wa vitu vya kuchezea ukawa ufundi wa kuokoa roho. Siku hizi wako wanasesere wadogo wa kadiri ya mtoto mchanga, na uko mfuko ambao mwalimu hujifunga tumboni akajifanya mzazi, hata damu ya bandia ikatoka, na wanafunzi wakalazimika kutenda upesi. Tumewasikia watu wakicheka kwamba wauguzi wazima wacheza na wanasesere. Na wacheke. Rubani naye hujifunza kuanguka kabla hajaruka.

Mtoto azaliwapo, kazi yake ya kwanza ni kupumua. Wengi hulia wenyewe. Wengine wataka kukaushwa na kusuguliwa mgongo. Wachache hawapumui kabisa, na hao wataka kupuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Wakunga huiita dakika hiyo dakika ya dhahabu, nasi watu wa Geita twajua dhahabu ni nini na jinsi ipoteavyo katika mchanga. Huko Haydom walipima wakaona kwamba kwa kila nusu dakika ya kuchelewa kupulizia, hatari ya mtoto kufa au kubaki mgonjwa huongezeka kwa 16 katika 100. Mfuko wa kupulizia ulitengenezwa na Henning Ruben wa Denmark pamoja na mwenzake mwaka 1956. Unafanya kazi kama mvukuto wa mhunzi, ila hujijaza wenyewe ukiachiliwa. Umbo jipya huusimamisha mfuko wima juu ya barakoa, hivyo mkono hukandamiza sawasawa usoni na hewa haivuji pembeni.

Hapa twataka kukawia, maana ndipo penye fundisho kwa walimu. Mafunzo haya yalipoanza nchini, hospitali 8 zilipimwa, na Dakta Georgina Msemo na wenzake wakachapa habari mwaka 2013 kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa 47 katika 100. Lakini Haydom waliona jambo jingine. Waliwafundisha wauguzi siku moja, wauguzi wakafaulu vizuri mbele ya mwanasesere, na baadaye chumbani mwa wazazi desturi zao hazikubadilika. Mifuko ilikuwapo, ujuzi ulikuwapo, mtoto akachelewa vilevile. Ndipo wakageuza njia: mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, pale pale kazini. Vifo vikapungua. Sisi tufundishao walimu tungaliweza kuwaambia mapema. Mtoto aliyeimba hesabu za mara saba siku ya Jumatatu na asiziguse tena, mwezi ukiisha amezisahau, na mtu mzima hana tofauti.

Tatu ni damu. Damu ndiyo inayowaua mama wengi kuliko sababu nyingine yoyote. Mwisho wa mimba zaidi ya nusu lita ya damu hupita katika mji wa mimba kila dakika, na mtoto na kondo vikiisha kutoka, misuli ya mji huo hujikaza na kuifunga mishipa. Isipojikaza, mama aweza kumalizika kabla chai haijachemka. Twamkumbuka jirani yetu mmoja aliyejifungulia nyumbani, katika kijiji kimoja karibu na mashimo ya wachimbaji. Khanga zililoa, zikatupwa pembeni, zikaletwa nyingine, zikaloa nazo. Waliokuwapo walikuwa wanawake wema na wazoefu. Kila mmoja alisema damu ya uzazi ni nyingi kwa kawaida, na kwa kuwa ilikuwa imenyonywa na nguo na udongo, hakuna aliyeweza kusema ni kiasi gani. Tulimzika kesho yake. Mtoto yu hai, na mwaka huu yuko darasa la tano.

Jambo hili halikuwa la vijijini tu. Hata hospitalini damu ilikuwa ikikisiwa kwa macho, na macho hudanganya. Basi dawa ya udanganyifu huo ni kitu chepesi mno, yaani karatasi ya nailoni yenye mfuko, inayotandikwa chini ya mzazi, nayo ina mistari iliyochapwa kama ile ya kipimo cha lita. Damu hutiririka humo, na muuguzi husoma. Ikifika nusu lita hangoji tena. Hufanya yote kwa pamoja: kulikanda tumbo, dawa ya oksitosini ya kuukaza mji wa mimba, asidi ya traneksamiki ya kugandisha damu, maji ya mshipani, na kuchunguza kama kuna mahali palipochanika. Njia hii ilipimwa katika hospitali 80 za Kenya, Naijeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa wanawake zaidi ya 200,000, na matokeo yakachapwa mwaka 2023. Mahali pasipo na mfuko ule, karibu nusu ya waliotokwa na damu kupita kiasi hawakutambuliwa. Mahali ulipotumika, walitambuliwa 93 katika kila 100, na hatari ya mambo mabaya ya damu ikapungua kwa 60 katika 100. Hizo si mashine za fedha nyingi. Ni nailoni na mistari.

Damu ikikataa kukoma, viko vingine. Dakta Sayeba Akhter wa Bangladeshi, alipokosa fedha za kununua mpira wa kigeni uliokuwa ghali, alifunga kondomu juu ya mrija, akaiingiza ndani ya mji wa mimba akaijaza maji ya chumvi, nayo ikakandamiza mishipa kutoka ndani. Njia hiyo imeenea katika nchi nyingi maskini. Kuna pia vazi la mpira linalofungwa kwa nguvu miguuni na tumboni, ambalo huisukuma damu irudi moyoni na kichwani, ili mama afike hospitali kubwa akiwa na uhai.

Sasa kuhusu mikoa yetu. Tangu mwaka 2021 hata mwisho wa mwaka 2023, hospitali na vituo 30 vya Shinyanga, Geita, Mwanza, Tabora na Manyara viliingizwa kidogo kidogo katika kazi moja, ambayo Dakta Benjamin Kamala wa Haydom alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Kila mahali pakawekwa chombo cha Moyo, mfuko wima wa kupulizia, wanasesere, na mtu wa kuhimiza mazoezi kila juma. Wizara ya Afya ilikuwamo tangu mwanzo. Wazazi na watoto wapatao 280,000 walihesabiwa. Watoto waliokufa karibu na kuzaliwa walikuwa 15.3 katika kila 1,000 hapo kwanza. Wakashuka hata 12.5. Mama waliokufa walikuwa 240 katika kila 100,000. Wakashuka hata 60. Tusome tena pole pole, kwa ajili ya walioko mbali na redio: kutoka 240 hata 60. Mikoa haikwenda sawa. Kuna mahali mambo yalibadilika sana na mahali yalibadilika kidogo. Tena kuna jambo la kufikiriwa, kwamba vyombo vililenga zaidi mtoto, na walionufaika kupita wote ni mama. Sisi twadhani sababu yake ni yale mazoezi. Muuguzi aliyezoea kutenda upesi kwa ajili ya mtoto hatakuwa mzito kwa ajili ya mama yake.

Walakini chombo kilicho hospitalini hakimsaidii aliye Nyarugusu au Kishapu, na usiku umeingia, na pikipiki hakuna. Hapa pia mkoa wetu ulitangulia. Kabla ya kuenea nchi nzima, mpango wa m-mama ulijaribiwa Sengerema na hapa Shinyanga. Mtu hupiga simu, muuguzi aliyeko kituoni huuliza maswali, na ikiwa hakuna gari la wagonjwa karibu, huitwa dereva wa taksi aliyekwisha kuandikishwa, naye hulipwa kwa simu akifika. Mgonjwa hatozwi nauli. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kuupeleka mikoa yote.

Nambari yake ni 115, na kuipiga hakuna malipo. Ninyi wanafunzi mlio na chaki, iandikeni usiku huu juu ya mlango kwa ndani, mahali ambapo baba na bibi wataiona. Habari za kumtunza mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake tutawaletea katika mazungumzo mengine.